Mapaja yamekaza baada ya kuteremka Mweka: nichuliwe, nikandwe au niyaache?

Mbio za Alfajiri (Dar)

Wakuu, habari za leo. Jumapili nilikimbia Kilimanjaro Marathon, zile kilomita 21. Kupanda kwenda Mweka nilipanda vizuri, pumzi ilikuwepo, kuna wenzangu wa klabu niliwaacha njiani. Kuteremka ndiko nilikofurahi zaidi, niliachia miguu mpaka Uwanja wa Ushirika na nikamaliza nikiwa na nguvu. Jioni nilikuwa mzima kabisa. Tukala ndizi nyama, nikalala.

Jumatatu tukapanda basi la kurudi Dar. Mpaka tunafika Segera mapaja yalishaanza kukaza. Leo Jumanne ndiyo balaa lenyewe. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Kupanda najikongoja nafika, kushuka ndiyo siwezi: nashuka kinyumenyume nimeshika reli kwa mikono miwili. Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, nimelazimika kufunga kamba ya kujishikia. Ukigusa paja kwa mbele, juu kidogo ya goti, panauma. Miguu yote miwili inauma sawasawa na sioni pa kuvimba.

Mazoezi yangu tangu Oktoba ni Daraja la Tanzanite, Coco Beach na kuzunguka Masaki, asubuhi kabla ya kazi. Umbali nilikuwa nao.

Sasa ushauri nilioupata unagongana. Jirani anasema barafu. Shemeji ana mama mmoja anachua, anasema atanichua mpaka misuli iachie yenyewe. Duka la dawa wamenipa diklofenaki. Wengine wanasema ni asidi ya laktiki, ninyooshe viungo itoke. Mwenye taaluma ya viungo naomba aniambie nifanye lipi, na hii hali inaisha lini.

Kocha wa Temeke

Pole sana kijana, na hongera kwa kumaliza. Hiyo ni asidi imejaa kwenye misuli. Vijana wangu wa mchakamchaka nawaambia siku zote: ukimaliza mbio usikae chini, nyoosha miguu nusu saa, ukifika nyumbani jikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Keshoyake nyoosha tena, hata kama unaumia vumilia. Nimefundisha miaka mingi na vijana wanapona. Ila kitu kimoja usifanye, usilale kitandani kutwa nzima. Tembea.

Fizio wa Moshi

Kocha shikamoo. Kwenye kutembea na maji ya moto tuko pamoja. Kwenye asidi na kunyoosha naomba tutofautiane kwa heshima, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteza muda na wengine wanajiumiza.

Mkuu uliyeuliza, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi, na wiki inayofuata hizi mbio kila mwaka napokea watu wa aina yako. Wanaingia wakitembea miguu imenyooka, goti halikunjiki, na kabla ya kukaa kwenye kiti wanakitazama kwanza. Nianze na sababu, maana ukiielewa, matibabu utayapanga mwenyewe.

Ulipokuwa unapanda Mweka, misuli ya mbele ya paja ilikuwa inakaza na kufupika ili ikusukume juu. Ulipogeuka kushuka, misuli ileile ikapewa kazi nyingine. Kila mguu unapotua goti linakunjika kidogo, na paja linakaza kukuzuia usianguke mbele. Linakaza huku linavutwa lirefuke. Lori likishuka Kitonga kinachoumia ni breki, injini wala haina shida, na ndiyo maana pumzi yako ilikuwa nzuri na ulimaliza ukiwa na nguvu. Kwa kilomita zote zile za mteremko nyuzi ndogondogo ndani ya msuli zilikuwa zinapata michaniko midogo sana. Mwili hauanzi kulalamika pale pale. Unapeleka maji na chembechembe za damu kusafisha sehemu iliyoumia, mishipa ya fahamu ya eneo hilo inakuwa nyepesi kuhisi, na yote hayo yanachukua saa nyingi. Kwa hiyo maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya zoezi, hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida huisha ndani ya siku tano hadi saba.

Asidi ya laktiki haihusiki. Ile inarudi kiwango cha kawaida ndani ya kama saa moja ukishapumzika. Yako ilishaondoka kabla ndizi hazijaiva. Na si jambo la kugunduliwa jana: mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough, aliyekuwa akipima watu kwa kuwafanyisha kazi misuli ya kidole, alishaeleza kwamba maumivu ya siku ya pili yanaelekea kutokana na michaniko ndani ya msuli wenyewe.

Sasa kunyoosha. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalijumlisha majaribio mbalimbali na kukuta kwamba kunyoosha baada ya zoezi kunapunguza maumivu kwa takriban nukta 1 kwenye kipimo cha nukta 100. Hiyo mtu haisikii. Na msuli ulioumia kwa kuvutwa, kuuvuta tena kwa kuvumilia maumivu siku ya pili hakuna maana. Kocha, vijana wako wanapona kwa sababu hali hii inapona yenyewe, na kwa sababu unawatembeza. Ukitaka kuendelea kuwanyoosha kwa ajili ya kulainisha viungo sina ugomvi, mradi iwe taratibu na bila maumivu.

Kuchuliwa kunasaidia kweli. Katika njia zote tulizonazo, hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi kwa kupunguza maumivu ya namna hii. Lakini huyo mama wa shemeji anayechua mpaka msuli uachie usimwendee wiki hii. Nyuzi zimechanika, ukizibonyeza kwa kiwiko unaongeza jeraha juu ya jeraha. Nimepokea watu waliokuja na mapaja yenye madoa ya bluu kutoka kwenye kuchuliwa, wala si kutoka kwenye mbio. Mwambie mtu wa nyumbani akufanyie hivi: lala chali, weka mto chini ya goti lisininginie, apake mafuta ya nazi kidogo, atumie kiganja kizima, asitumie ncha za vidole. Aanzie juu ya goti apandishe taratibu kuelekea nyonga, arudi bila kubonyeza, apandishe tena. Dakika kumi kila paja zinatosha. Paja lilegee kabisa. Ukiona unalikaza au unazuia pumzi, mkono wake umezidi, apunguze. Kama huna mtu, kaa kitini ubingirishe mti wa kusukumia chapati juu ya paja kwa uzito wa mikono tu. Zile rola za sponji za gym ni kazi hiyohiyo.

Maji ya moto: chovya taulo, kamua, weka juu ya paja dakika 15 hadi 20, likipoa chovya tena. Jaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono usijiunguze. Chumvi weka ukipenda, haiongezi wala haipunguzi. Barafu nayo ina ushahidi. Mapitio mengine ya Cochrane, ya 2012, yaliangalia majaribio madogo 17 ya watu kujiloweka kwenye maji baridi baada ya mazoezi, na maumivu yalipungua ukilinganisha na kukaa tu. Maji hayo kwa kawaida yalikuwa ya nyuzijoto 10 hadi 15. Maji ya bomba ya Dar hayafiki huko hata usiku, itabidi ununue barafu ya kutosha beseni zima, na faida kubwa ungeipata Jumapili ileile. Leo, kama una heater, chagua joto.

Kutembea ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote. Jioni tembea dakika 20 tambarare. Ukiwa ofisini kaa juu ya meza miguu ining'inie, uipeleke mbele na nyuma bila kulazimisha. Utasikia nafuu, kisha maumivu yatarudi kidogo ukikaa. Hiyo ni kawaida, unarudia. Nafuu ndiyo tunayoitafuta kwenye yote haya. Hakuna mkono wa fizio unaofanya nyuzi ziunge kwa kasi kuliko mwili unavyoziunga, na anayekuuzia hilo, awe na mashine ya umeme au ya mawimbi ya sauti, muulize maswali kabla hujalipa. Kula vizuri, maharage, dagaa, mayai, na lala.

Diklofenaki ningekuomba uiweke kando. Mtu aliyekimbia kilomita 21 juani na kukaa kwenye basi kutwa akijizuia kunywa maji ili asisumbue dereva, figo zake zina upungufu wa maji. Dawa za kundi hilo zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati huo huo. Tumbo nalo lina kesi yake. Ukishindwa kulala, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inatosha. Soma pakiti: kuna vidonge vinavyouzwa vikiwa tayari na diklofenaki na parasetamoli pamoja, na watu wanajikuta wanameza dozi mbili.

Niulize swali moja: mkojo wako una rangi gani? Ukiwa mweusi-mweusi, rangi ya chai ya rangi au kola, na paja limevimba na kuishiwa nguvu, acha kila nilichoandika hapa uende hospitali leo. Msuli ukiharibika kupita kiasi unamwaga protini kwenye damu na zinaziba figo. Ni nadra kwa mbio za kilomita 21, lakini ni jambo la kuuliza, si la kukisia.

Mbio za Alfajiri (Dar)

Mkuu nimesoma mara mbili. Mkojo ni wa njano ya kawaida. Vidonge nimevirudisha kabatini. Mama watoto ameshaambiwa kuhusu kiganja na mafuta ya nazi. Kuna kitu kimoja sijakielewa. Miezi yote hiyo nimekimbia, iweje msuli uchanike kwa jambo ambalo nimelifanyia mazoezi?

Kijana wa Iten

Niko Iten, Kenya, nifanye kuongezea hapo. Huku wanariadha wanafanya masaji mara kwa mara, ni sehemu ya ratiba kama vile kulala, na wanaofanya hiyo kazi wanajua kutofautisha siku ya mkono mzito na siku ya mkono mwepesi. Baada ya mashindano mkono unakuwa mwepesi, kama alivyosema daktari wa viungo. Kuna ile mbio ya kupanda kutoka bonde la Kerio inaitwa Fluorspar, kama kilomita 21 za kupanda tupu. Mkimbiaji akifika juu anachoka sana lakini kesho yake miguu haimsumbui vile, anafanya mbio za polepole kama kawaida. Akitaka kurudi chini anapanda gari. Hakuna kocha anayeruhusu mtu ateremke mlima ule mbio bila sababu.

Fizio wa Moshi

Asante sana ndugu wa Iten, mfano huo unajibu nusu ya swali. Nusu nyingine iko hapa kwetu mlimani.

Wapanda Kilimanjaro wengi wanashukia njia ya Mweka. Kutoka kileleni mita 5,895 mpaka langoni ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000, na wanaushuka kwa siku mbili au hata chini ya hapo. Mgeni amekuja na viatu vizuri, amebeba kibegi kidogo. Mpagazi anashuka njia ileile na mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20. Keshoyake mgeni anashindwa kutoka kwenye kitanda cha hoteli, naye mpagazi anaulizia kama kuna safari nyingine. Si kwamba mmoja ana misuli ya chuma. Msuli ukishapewa kazi ya kuzuia mteremko mara moja, hata kwa kiasi, unajijenga upya kwa namna inayoustahimilisha kazi hiyohiyo, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mpagazi anaifufua kila safari.

Wewe ulijifunza umbali. Tanzanite, Coco na Masaki ni tambarare. Daraja lenyewe mwinuko wake ni mdogo. Mapaja yako yalikutana na mteremko mrefu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Jumapili hiyo ilikuwa somo la kwanza la misuli yako kuhusu kushuka, na kinga inajengwa wakati huu unaponisoma. Kwa sababu hiyo pia sipendi watu wazimishe kila maumivu kwa vidonge na barafu za kila siku. Kwa wanaonyanyua vyuma kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba kujiloweka kwenye barafu baada ya kila zoezi kunapunguza ukuaji wa msuli. Siku ya mashindano tumia. Usiifanye desturi.

Mama J

Samahani naingilia. Mume wangu naye alikimbia Moshi, tumerudi na basi jana. Yeye anaumwa mguu mmoja tu, wa kushoto, kwenye kigimbi. Kimevimba, ukigusa ni cha moto kuliko cha kulia. Anasema ni misuli na anataka nimchue na mafuta ya karafuu. Nimchue?

Fizio wa Moshi

Mama J, usimchue. Naomba sana, mkono usiguse hicho kigimbi.

Maumivu ya kawaida ya mbio huja pande zote mbili. Mguu mmoja uliovimba na wenye joto baada ya kukaa kwenye basi saa nyingi unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukichua, bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Inawezekana pia ni msuli tu uliochanika, lakini kwa macho na kwa simu huwezi kutofautisha, hata mimi siwezi. Mpeleke hospitali leo, waambie amekimbia na amesafiri kwa basi, waombe altrasaundi ya mishipa ya mguu. Akianza kuhema kwa shida au kuumwa kifua, hiyo ni dharura, msisubiri hata foleni.

Kocha wa Temeke

Mama J fanya hivyo mara moja. Na nikiri hili la basi sijawahi kuwaambia vijana wangu. Mwakani tunapeleka basi zima Moshi. Fizio, tuwafanyie nini njiani?

Fizio wa Moshi

Kocha, gari likisimama Korogwe kila mtu ashuke, hata asiye na njaa. Atembee mpaka wengine wamalize kula. Ndani ya gari wakunje na kukunjua vifundo vya miguu kila wanapokumbuka, wanyanyue visigino, na wanywe maji. Ikiwezekana walale Moshi Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi watembee kidogo kabla ya safari. Wanaotoka kwenye mbio na kuingia kwenye basi na jasho lao ndio wanaonitia wasiwasi.

Mama J

Nimerudi jamani. Altrasaundi imefanyika, mishipa ni mizima, hakuna damu iliyoganda. Daktari amesema msuli wa kigimbi umechanika kwa ndani. Sasa amekumbuka kwamba karibu na kumaliza alisikia kitu kimemchoma ghafla mguuni akaendelea hivyohivyo. Mungu awabariki. Sasa naweza kumchua?

Fizio wa Moshi

Alhamdulillah, nimefurahi mno. Kumchua bado, Mama J. Huo ni mchaniko wa kweli, hauko kundi moja na mapaja ya mwenzake hapo juu. Siku hizi za mwanzo afunge bandeji ya kuvutika isiyokaza sana, ianzie kwenye vidole ipande mpaka chini ya goti. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, mfungue. Akilala mguu uwe juu ya mito. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 itampunguzia maumivu. Joto na mafuta ya karafuu msubirishe mpaka uvimbe ushuke. Atembee kwa kadiri maumivu yanavyomruhusu, na ndani ya wiki hii aonane na mtu wa viungo ana kwa ana, maana lini aanze kunyanyua kisigino na lini arudi barabarani vinategemea ukubwa wa mchaniko, na huo unapimwa kwa mikono.

Mbio za Alfajiri (Dar)

Mrejesho wangu: leo Ijumaa nimeshuka ngazi za ofisi uso mbele, polepole, bila kushika reli muda wote. Kile kiganja cha mafuta ya nazi kimenisaidia sana usiku, nilipata usingizi. Paja bado linauma nikichuchumaa, ila kamba ya chooni nimeifungua. Swali la mwisho: nianze lini kukimbia, na kwa Dar nitapata wapi mteremko wa kujifunzia? Mwakani nataka zile 42.

Fizio wa Moshi

Kukimbia anza maumivu yakiisha unapogusa na unapochuchumaa, halafu ongeza siku mbili, kwa sababu nguvu ya msuli inachelewa kurudi kuliko maumivu yanavyoondoka. Mbio za kwanza ziwe fupi na tambarare, Coco panatosha.

Mteremko utaupata Pugu na Kisarawe, hata Goba na vilima vya Kimara. Mara ya kwanza panda kwa kukimbia, shuka kwa kutembea. Mara inayofuata shuka kwa mbio nyepesi, kama mita mia mbili, rudia mara nne au tano, uende nyumbani hata kama unajisikia unaweza zaidi. Keshoyake mapaja yakiuma kidogo ni sawa. Yakikurudisha kwenye ngazi za kinyumenyume, umezidisha. Mara moja kila wiki mbili inatosha kuitunza kinga, na kila baada ya mizunguko michache ongeza urefu. Mteremko wa mwisho mkali uwe kama wiki mbili kabla ya siku yenyewe, usije Moshi na mapaja yenye michubuko. Ukishuka, hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili. Hatua ndefu za kuachia miguu ndizo zinazolilipisha paja.

Siku ambazo huendi Pugu, simama mbele ya kiti, kaa kwa kuhesabu mpaka nne, inuka kawaida. Anza na kumi, asubuhi ukisubiri chai. Na zile 42 zinapitia Mweka hukohuko, ila unaupanda ukiwa umeshakimbia zaidi ya nusu ya njia, kwa hiyo usingoje Januari. Anza Pugu mvua za masika zikiisha, barabara ikikauka.